Kombe Ndani ya Jakuzi la Mama

Jumatano, mvua za vuli

Mvua ya leo ni rasharasha, ile isiyonyesha ikaisha wala isiyokatika nguo zikauka. Mgongo unaniuma, mikono inanuka zafarani, na uani kwangu kuna jakuzi lililojaa maji ambayo siwezi kuyatumia wala siwezi kuyamwaga. Nimechoka jamani. Nimechoka mpaka kusema nimechoka kunanichosha.

Naandika hapa kwa sababu ndani ya nyumba hii sina wa kumwambia. Mama ndiye mgonjwa mwenyewe. Mama mdogo Rukia, ndugu yake, ndiye aliyefanya yaliyofanyika. Na kaka yangu Nassor yuko Maskati, na huyo ndiye mtu wa mwisho ninayetaka asikie.

Wanaonisoma siku zote wanajua kwamba Mama alipata kiharusi mwaka jana. Upande wa kulia wote ulilala: mkono, mguu na nusu ya mdomo. Maneno yakabaki machache. "Maji." "Basi." "Salma," ambalo ni jina langu. Na "toba," ambalo hulitoa wazi kuliko yote. Huyu ndiye mama aliyekuwa akizipanda ngazi za nyumba hii ya mawe na sinia la mikate ya mofa mikononi, huku akinisema mimi bila ya kupumua. Sasa analala chumba cha chini, kile tulichokuwa tukiweka magunia ya mkaa.

Jakuzi lilitoka kwa Nassor. Huko aliko aliambiwa maji ya moto hulegeza viungo vilivyokaza, akalinunua, akalituma. Ni la kupuliza, lilikuja limekunjwa kama godoro, na vinginevyo lisingepita kwenye kichochoro chetu ambacho hata jeneza hupitishwa kwa ubavu. Ukilichomeka kwenye umeme linajijaza hewa lenyewe. Unatia maji, hita inayapasha, pampu inayapitisha kwenye kichujio, na ukibonyeza kitufe chake mapovu yanafumka kutoka chini kwa kishindo. Bi Zuhura wa mlango wa pili alichungulia siku ya kwanza akaona mvuke unapanda, akauliza, "Salma, leo mnampika nani?" Mama alicheka kwa ule upande wake mmoja. Sikuwa nimemwona akicheka tangu augue.

Nyie mnaotazama picha za majakuzi mkadhani ni raha tupu, niulizeni mie. Kitu hiki ni mtoto mchanga. Kila jioni unachomoa kichujio unakiosha mpaka maji yatoke safi. Unachovya kikaratasi utazame rangi yake, na rangi ndiyo itakayokwambia utie klorini au uache. Maji ya mfereji yanakuja yakipenda, na ya kisima chetu yana chumvi, yanakula vyuma, kwa hivyo nilikuwa nakaa na mpira mkononi nikiyavizia ya mfereji. Umeme ukikatika maji yanapoa na unaanza upya. Sharti kubwa kuliko yote ni kwamba anayeingia asiwe na mafuta mwilini, kwa sababu mafuta yanaziba kichujio. Sasa hebu mwambie mtu wa Unguja asimkande mgonjwa wake mafuta! Mie nilikuwa namsugua Mama kwa sabuni kwanza, kama sufuria la pilau, ndipo mie na Bi Zuhura tunamwinua na kumtia ndani.

Wallahi sikunung'unika hata siku moja. Kwa sababu mguu ulicheza.

Ilikuwa Ijumaa. Mama kakaa ndani, mapovu yanafurukuta, nami nimemshika mabega. Mara nikauona mguu wa kulia, ule tulioshaukatia tamaa, unainuka. Ukashuka. Ukainuka tena. Nilipiga ukelele, Bi Zuhura akaja mbio akidhani Mama kazama. Nikachukua simu nikapiga video, nikaitia kwenye kundi la familia. Basi hapo mashallah juu ya mashallah, na shangazi mmoja akatuma sauti analia tu, hakuna neno hata moja. Nassor akaandika kwamba atakuja kabla ya Ramadhani, na akataka Mama amfungulie mlango kwa mkono wake.

Dada wa mazoezi, yule anayetujia kutoka hospitali, aliitazama video ile, akaitazama tena. Akasema polepole, "Bi Salma, mguu ukiwa ndani ya maji huwa mwepesi. Tumpime na nje ya maji kwanza." Nilimkasirikia mtoto wa watu. Nilimwona hasidi. Siku hiyo sikumtilia hata chai, na kwetu ukimnyima mtu chai umeshamwonyesha mlango.

Video hiyohiyo ndiyo iliyomleta mama mdogo.

Mama mdogo Rukia anakaa Jambiani, analima mwani, na ana mikono migumu na moyo mkubwa. Aliona mguu wa dada yake ukicheza kwenye simu ya mwanawe, akalia, kisha akaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kijijini kwao. Mwalimu akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, moja baada ya moja, akaziosha kwa marashi ya mawaridi, na maji yake mama mdogo akayajaza chupani. Kombe la kweli, lililosomwa kwa nia. Alilipakata njia nzima mpaka mjini.

"Mungu keshaufungua mlango," aliniambia alipofika. "Sie kazi yetu kuusukuma tu."

"Inshallah, mama mdogo. Atakunywa, na atapakwa."

Jumatatu asubuhi nikaenda zangu kazini, nafundisha watoto wa chekechea, nikamwacha na Mama. Sikumkataza kitu. Nani angefikiria?

Niliporudi, harufu ya mawaridi ilinipokea kichochoroni kabla sijafika mlangoni. Halafu nikaisikia pampu inakoroma kama mzee mwenye pumu. Nikaingia. Chupa nzima ya kombe imo ndani ya jakuzi. Na marashi mengine juu yake, na mrehani, na asumini, na karafuu zilizotwangwa, na mafuta ya habasoda yanaelea yanang'ara. Mama mdogo kasimama pembeni na kanga yake kifuani, uso umemkunjuka kwa furaha ya mtu aliyefanya jambo la maana.

"Nimeona dawa isende kidogokidogo," akasema. "Birika lote hili! Si aoge nayo mwili mzima?"

Ningegombana na nani? Nigombane na aya za Mungu?

Pampu ikakohoa, ikanyamaza. Nilipoifungua nikakuta majani yamejisokota ndani, karafuu zimekuwa tope, na hita imeungua mpaka imekuwa nyeusi. Nimeisafisha, nimeikausha, nimeisomea Bismillahi, haikuwaka. Haitawaka.

Likabaki suala la maji. Siku zote nafungua kizibo tu, yanakwenda zake kwenye bomba la uani. Lakini bomba la uani linakutana na la choo huko chini. Maji yenye aya yapite chooni? Kwa hasira zote nilizokuwa nazo, mkono haukwenda. Maji ya kombe humwagwa chini ya mti au baharini, mahali pasipokanyagwa. Likiwa kikombe kimoja, unakimwaga kwenye kopo la mrehani umemaliza. Mie nina jakuzi zima, ndani ya Mji Mkongwe, ambako kila ukanyagapo ni sakafu, na mti pekee wa nyumba hii ni huohuo mrehani wa koponi, nao mama mdogo keshaukwanyua wote.

Jana akasema maji hayo yasiende bure, Mama atiwe. Sikuwa na nguvu ya kubisha. Tukachemsha masufuria ya maji kwa mkaa, tukachanganya mpaka jakuzi likawa vuguvugu, tukamwinua tukamtia. Mama mdogo akaweka kiganja juu ya kichwa chake, akafumba macho, akaanza kusoma. Uani palikuwa kimya. Tangu jakuzi lile liingie nyumbani sijapata kulikalia bila ya ngurumo za pampu. Maji yalitulia. Nikayasukuma majani pembeni, nikaona mpaka chini.

Mguu umelala.

"Mama," nikamwambia, "inua. Kama siku ile." Akanitazama. Nikasema tena, na safari hii kwa ukali, Mungu anisamehe. Mguu wa kushoto ulisogea. Wa kulia ulikaa palepale. Nikatia mkono ndani, nikayapepea maji kwa kiganja chini ya unyayo wake. Mguu ukainuka. Nikaacha kupepea. Ukashuka.

Yalikuwa mapovu.

Mapovu, jamani. Yale mapovu yalikuwa yanautikisa mguu wa mama yangu kama yanavyotikisa jani la mrehani, na mie nikapiga video. Nikawaliza watu wazima Maskati na Jambiani. Nikamnyima chai msichana aliyeniambia kweli. Kichujio nimekiosha, klorini nimepima, maji nimeyavizia, na kumbe sikuwa namtibu mtu, nilikuwa nauendesha mguu kwa umeme.

Mama mdogo hakuona kitu. Alipofumbua macho alisema, "Alhamdulillahi, uso wake umeingia nuru." Na kweli Mama alikuwa kapendeza, ana asumini nyweleni kama bibi harusi. Nikaingia jikoni nikaufunga mlango, nikalia na kanga mdomoni nisisikike.

Leo ndiyo tumeanza kuyatoa. Ndoo kwa ndoo, mie na mama mdogo, kichochoro mpaka kichochoro, tukatokea Forodhani na tukayamwaga baharini. Wauza pweza walikuwa wanapanga meza zao. "Bi Salma, leo mnairudishia bahari maji yake?" mmoja akanitania, na wenzake wakacheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Nilimjibu vibaya, nikajuta kabla sijafika kwenye ukuta wa bahari.

Mama mdogo alibeba kichwani, shingo imenyooka, kama anavyobeba mwani wake. Hakulalamika. Tulipokuwa tunarudi ndipo aliposema, "Nisamehe mwanangu. Sikujua kama chombo chenyewe kina roho ndogo hivyo." Nikamwambia hapana neno. Sikuweza kumwambia kwamba chombo si hasara yangu. Laiti asingetia kitu ndani yake, mpaka leo ningekuwa natazama mguu ukicheza, nacheka.

Alasiri mvua ilituzuia tukaacha. Nikakaa kitandani kwa Mama, nikimkanda mafuta ya nazi, maana sasa hakuna kichujio cha kuogopea. Nikamuuliza.

"Mama. Ule mguu. Ulikuwa unauinua wewe?"

Nikamfuta mate. Kisha akasema kwa kuvuta, "Ma… povu."

"Ulijua?"

"Nlijua."

"Sasa mbona hukuniambia, Mama? Hata kwa kichwa tu!"

Akaleta mkono wake mzima akanigusa shavu. Alipata tabu kuyatoa maneno, nikayaona yanavyomtafuna. "We… ulicheka," akasema.

Nilitamani anitukane. Wallahi ningefurahi zaidi angenitukana kama zamani, kwa sauti yake ile ya kwenye ngazi. Kumbe siku zote hizo alikuwa ananikalia ndani ya maji yale, anasuguliwa, anabebwa, anatiwa na kutolewa, ili mie nipate kucheka.

Mikono ingali na mafuta, simu ikalia. Ni Nassor katuma sauti, na mie mpumbavu nikaifungua palepale. "Salma, nshakata tiketi. Mwambie bi mkubwa ajitayarishe, sitaki mtu mwingine anifungulie mlango. Yeye tu." Anacheka mwenyewe huku anasema.

Mama alikuwa anasikiliza. Nikamwambia, "Leo hii namwambia kweli, Mama. Siwezi kumwacha aje hivi." Akatikisa kichwa. Nikasema haifai, ni kumdanganya, atakuja auone mguu kwa macho yake, itamuuma mara mbili. Akanishika kiganja, akanibana kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo.

"Basi," akasema. Kisha, "Mwache. Acheke."

Nimekaa na simu mkononi mpaka adhana ya magharibi. Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta. Mwisho nimemtumia neno moja, Inshallah, na nikatia na kile kikatuni kinachocheka. Amejibu papo hapo kwa vikatuni tele.

Jakuzi bado lina nusu ya maji. Kesho asubuhi tunashika ndoo tena, mvua isiponyesha. Siku Nassor atakapobisha hodi, mlango nitaufungua mie. Sijui nitautoa wapi uso wa kumfungulia nao.