Nilivyovaa Kofia ya Askofu Hapa Evere

Evere, Brussels

Shikamoo Baba,

Goti limepoa? Na Mama bado anabishana na dawa zake za presha? Mimi nipo. Baridi inanibana kifua, lakini kazini naenda.

Baba, nakuandikia mapema usije ukayasikia kwa watu yamegeuzwa. Unajua nawahudumia wazee katika nyumba moja hapa Evere, wengi wao wasemaji wa Kiholanzi. Darasani, sisi wageni tunaojifunza lugha hiyo tunafundishwa hata sikukuu zao. Desemba ni ya Mtakatifu Nikola, askofu. Watoto huweka kiatu chenye karoti ya farasi wake, asubuhi wakakuta machungwa na biskuti za mdalasini. Askofu hufuatana na mtumishi mweusi. Anayemwigiza ni Mzungu aliyejipaka masizi uso mzima na kujichora midomo mikubwa. Sehemu nyingi wameshaacha. Kwetu kazini, bado.

Kikaoni msimamizi wetu akasema aliyekuwa akiigiza mtumishi amestaafu. Akanigeukia akitabasamu: "Safari hii wewe. Hatutahitaji hata rangi."

Watu wakacheka. Maman Béa, Mkongomani ninayefanya naye zamu, akaninong'oneza, "Nyamaza, dada. Mukataba yako inaisha mwezi ya kwanza." Ni kweli, na nilijua.

Nikamjibu msimamizi kwamba nitaigiza, ila nitavaa kofia ya askofu. Akasema askofu yule ni mzee wa Kizungu, kila mtu anajua.

"Askofu aliyenipa kipaimara ni mweusi kuliko mimi," nikasema, "na hatukumwomba ajipake chokaa."

Akafunga daftari lake. Siku tatu hakunisalimu.

Kuna Bibi Godelieve, mwalimu mstaafu wa miaka tisini na moja, ambaye namwogesha kila asubuhi. Akaniuliza mbona nimenuna. Nikamweleza. Mchana akajikokota na kigari chake cha kutembelea hadi ofisini, akasema kama askofu si mimi, yeye hashuki kwenye sherehe, na ghorofa yake nzima haishuki.

Basi nikavaa joho jekundu na ndevu za pamba. Mzee mmoja alikataa biskuti yangu, akageukia ukuta. Nikaiweka mezani kwake, nikapita. Wengine waliimba. Kapu la machungwa halikuwa na mbebaji, kwa hiyo msimamizi mwenyewe alilibeba nyuma yangu, na uso wake vilevile alivyozaliwa nao.

Kuhusu mkataba hawajasema neno. Maman Béa anasema ningemeza tu. Baba, miaka minne hii nimemeza mengi ambayo sikukuandikia. Hili limenikwama, nikalitema, na sijutii.

Mwambie Mama asilie. Nisalimie shangazi Tereza wa mawese, kaka Deo fundi baiskeli na mkewe, na dada Konsolata muuguzi. Wakikuuliza kama nitafukuzwa, waambie huenda. Wakikuuliza kama nimeomba radhi, waambie hapana.

Ni mimi binti yako,
Skolastika