Mama Ghanima, Timu Haikuvunjwa

Mwaka umetimia, Mama Ghanima binti Tamim, tangu Mwenyezi Mungu alipokuita. Kumbukumbu hii imechelewa kidogo. Siku yenyewe ilipofika tulikuwa uwanjani, na hatumwombi mtu radhi.

Ulikuwa muuza vipuri vya magari hapa Ngagara, mke wa fundi Shakuru, na mwalimu wa wasichana wetu wa mpira wa mikono. Ikifika alasiri ulifunga duka hata mteja akiwa mlangoni. "Rudi kesho, papa, gari yako aitakufa leo," ulimwambia, filimbi tayari iko shingoni. Waliokusengenya kwamba mama mzima anakimbizana na mpira, uliwauzia plagi kwa bei ileile ya wengine, kisha ukawauliza binti zao wanaanza mazoezi lini.

Msichana akikwepa mpira, ulimrushia tena, polepole. "We mutoto, ballon aiumi." Waliotaka kucheza na hijabu uliwashonea wewe mwenyewe, za kubana vizuri. Waliokuja na njaa uliwalisha halua yako, nzito, ya kung'ang'ania vidole, uliyoikoroga kama mama yako alivyokufundisha. Hatujaonja nyingine kama ile.

Ulipoondoka, kaka yako Amur alisema mwenye timu amekwenda, basi na timu ipumzike. Alitaka mipira itolewe kwenye stoo ya duka. Binti yako Afrah alitungua filimbi yako ukutani, na ilipofika alasiri akaipuliza. Wasichana wakaja. Wakaja msimu mzima, wakachaguliwa kuwakilisha mkoa wa Bujumbura, wakafika fainali ya ubingwa wa mikoa, mahali ambapo wewe mwenyewe hukuwahi kufika.

Nayo fainali ikaangukia siku yako ya kutimiza mwaka. Amur akaja nyumbani amefura.

"Mutu anakumbukwa na dua, apana na ballon," alisema. "Watu watatucheka."

"Dua tutasoma, mujomba," Afrah alimjibu. "Lakini tusipoenda, wataweka équipe ingine, na timu ya mama itakufa. Hapo ndio watatucheka."

Mumeo Shakuru akakata shauri: khitma isomwe baada ya swala ya alfajiri, na alasiri watu waende uwanjani. Amur alikaa, akasoma, akanywa kahawa, akaondoka bila kuaga.

Halua ya khitma ilibaki, Afrah akaibeba. Wakati wa mapumziko wasichana wakaila, wakasahau kunawa. Mama, mpira uligoma kutoka mikononi! Wapinzani wetu, wachezaji wa Gitega, wakalalamika. Refa Callixte akaunusa mpira, akasimamisha mchezo, akaamuru timu yetu nzima ikanawe. Tulicheka mpaka machozi, maana ndivyo ilivyokuwa kwenye mechi yako ya kwanza, ukabishana na refa kwamba halua ni chakula na si gundi.

Tulifungwa kwa goli moja. Mpira wa mwisho Afrah, mwalimu na mchezaji pia, aliugongesha mwamba. Tunalisema wazi kwa sababu wapo waliofurahi, wakaanza kupita mitaani wakisema sasa timu ya Ghanima imekwisha. Afrah alilia palepale uwanjani, nasi tukalia naye. Siku ile tulikukosa kuliko siku zote.

Jumatatu alasiri filimbi ikalia. Wakaja wote. Nyuma yao akatokea Houda, bintiye Amur, amevaa raba mpya.

"Papa yako anajua?" Afrah alimuuliza.

"Ndiye amenileta. Yuko pale kwenye kona, anaogopa mumuone."

Tulimuona, Mama. Alikuwa amejibanza nyuma ya gari la watu, na kitambi chake kikamsaliti. Houda sasa anakaa golini, na mpira haukwepi.

Unakumbukwa na mumeo Shakuru. Binti yako Afrah, mwenye filimbi. Dada yako Saliha, anayeikoroga halua bila kuipatia. Houda, kipa wetu. Wasichana wako wote wa Ngagara. Na kaka yako Amur, apende asipende.

Pumzika kwa amani, Mama. Kukusahau hatuwezi, na kunyamaza hatutaki. Mazoezi ni alasiri, kama kawaida.