Raina Bado Hasemi

Kijiji cha Dolna Brezova,
Bulgaria.
12 Novemba 1931.

Mpendwa mwana wa kaka yangu, Metodi,

Pokea salamu zangu huko Argentina. Natumaini kifua kilichokusumbua kimepona, na kwamba wewe na binamu yako Asen mnakula chakula kilichopikwa, si mkate na kitunguu tu. Mimi miguu inaniuma, lakini kwa umri wangu hiyo si habari.

Zabibu tumekwisha kuzikamua, na divai ya mwaka huu ni kali. Sikuandikii kwa ajili ya divai, hata hivyo. Nakuandikia kwa sababu ninaogopa, wala sioni aibu kulisema.

Unaijua desturi yetu. Mke mpya hatamki neno mbele ya baba mkwe mpaka siku mzee atakapomsamehe mbele ya watu, kwa kikombe cha divai na zawadi. Hata mimi nilinyamaza, tangu mavuno ya zabibu hadi Pasaka, na sikufa. Lakini mimi nilikuwa na mume wa kunong'ona naye, na mama mkwe aliyenisemea. Raina wako ulimwacha na mimba changa, katika nyumba ambayo marehemu mama yako hayumo tena.

Baba yako angeweza kumsamehe sikukuu ya Mtakatifu Petro, kiangazi kilichopita, kama walivyofanya wengine. Hakutaka. Ukimya wa yule binti umekuwa fahari yake. Kilabuni huwacheka wenzake kwamba wakaza wana wao wanabwata kama bata, ilhali wa kwake, utadhani nyumba haina mwanamke. Nilipomkanya, aliniambia nimeanza kuzeeka vibaya.

Jumanne iliyopita Raina aliteleza kwenye ngazi ya ghala la nyasi. Baba yako alikuwa uani, amempa kisogo, anachonga mpini wa shoka. Damu ilianza kumtoka Raina, na hakumwita. Alijikokota nyuma ya mgongo wa mzee, akashika ukuta hadi kwangu, na alipofika sketi ilikuwa imelowa. Nilimuuliza kwa nini hakuita. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jambo la aibu.

Mkunga, Bi Donka, ameizuia damu. Mtoto bado anacheza, ingawa kwa udhaifu, na mkunga hathubutu kuahidi lolote.

Baba yako alipopata habari alikuja mbio na kikombe cha divai, nusu ikamwagika njiani. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Raina, mwanangu, nimekusamehe. Sema. Niite baba, au nitukane, chochote tu."

Raina alimbusu mkono, kama inavyopasa. Hakusema neno. Tangu hapo hamnyamazii baba yako tu, anatunyamazia sote. Mkunga akimuuliza panapouma, hugeuzia uso ukutani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Siku ya uchungu itafika, na jambo likiharibika ndani yake, hatatuambia. Atakufa kimya, kwa adabu, nasi tumeketi kando yake tukimsifu kwa uvumilivu.

Usinitumie dawa wala vitambaa. Wala usimwandikie baba yako maneno makali. Amekwisha kujiambia yote.

Jana nilimwambia Raina kwamba naketi kukuandikia, nikamuuliza nikuambie nini. Alifikiri muda mrefu, midomo ikimchezacheza. Kisha nikaisikia sauti yake, nyembamba kama ya mtoto.

"Mwandikie kwamba sote tu wazima, shangazi. Asihangaike."

Hatu wazima, Metodi. Panda meli ya kwanza utakayoipata.

Nisalimie Asen, na umwambie kwamba mama yake, Todorka, anamwombea kila Jumapili. Mungu akutangulie baharini, akufikishe kabla ya saa ya mkeo.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye na kukungoja,

Velika.