Lori Lililosimama Mlimani

Kihesa, Iringa

Kamwene, mjukuu wangu Lusekelo,

Huku hatujambo, bibi yako amemaliza kuvuna na goti lake limetulia. Umeuliza supachaja ya gari lako huko Mbeya, ile pampu ya kuisukumia injini hewa ipate nguvu, uipangeje: ivute vizuri mshale wa mizunguko ya injini ukiwa katikati, au nguvu yote ije mshale ukifika juu kabisa?

Siku baba yako anazaliwa, niliazima pikapu ya mbio nimwahishe bibi yako hospitali. Kutoka Mafinga nilipita kila gari, hata lori la mbao nikalipigia honi kwa kiburi. Tulipoanza kupanda mlima wa kuingia mjini kutoka Ipogolo, foleni ikatupunguza mwendo. Nikakanyaga mafuta, lakini nguvu ya pikapu ile ilikuwa juu tu, kwenye mwendo wa kasi; ikapiga kelele tu, ikazima.

Lile lori likatufikia. Lori lenye mzigo halisimami mlimani, maana kuondoka tena ni kazi. Lilisimama. Dereva akasema, "Mama apande." Likaondoka taratibu kwa nguvu yake ya katikati, na mbao zake zote, likamfikisha bibi yako hospitali.

Dereva yule sijamwona tena, ila namshukuru mpaka leo.

Weka nguvu katikati, mjukuu wangu, ili ukimkuta mtu amekwama mlimani uweze kusimama, na bado uondoke.

Babu yako