Kanda Tatu za Mgeni na Pombe Uliyokunywa

Kwako Shemeji, mume wa dada yangu,

Salamu sikupi. Dada akipiga simu kutoka huko kwenu ng'ambo ya mto ananiambia umenenepa mpaka shingo imezama, kwa hiyo hali yako ninayo tayari. Shule unajua niliachia darasa la nne, basi ukikuta herufi imelala iamshe mwenyewe usonge mbele. Barua hii sijaifunga. Kila atakayeishika kuanzia hapa Kirushya mpaka mpakani aisome kabla yako, na atakayekufikishia akusomee kwa sauti, mbele ya watu, kwa sababu na mimi ulinisingizia mbele ya watu.

Unakumbuka hilo jina la shemeji ulilipataje? Siku ile sokoni, kwenye kambi yenu ya wakimbizi, ulikuja umevaa koti la kike la msaada, umekumbatia redio imekufa. Nikakuita, "Shemeji, karibu, lete mgonjwa tumpime." Mimi kila mteja alikuwa shemeji, hata padri angekuja na redio ningemwita shemeji. Katika kambi nzima wewe peke yako ndiye uliyeamini. Mvua mbili hazijapita, uko kwetu unamsaidia dada yangu kumenya ndizi.

Nikakukaribisha mezani kwangu. Ilikuwa meza moja, redio kaseti ya milango miwili, na betri mbili za lori zilizokuwa zinapokezana, moja inafanya kazi, nyingine naipeleka kuchaji Ngara mjini kwa baiskeli. Tulirekodi nyimbo na tulirekodi salamu. Salamu ndizo zilizotulisha. Watu wamepotezana, mama yuko kambi hii, mtoto kambi ile, kuandika hawajui. Wanakaa kwenye kigoda wanaongea ndani ya kaseti, kaseti inapanda lori. Wewe uliwajulia. "Bibi, usipige kelele, hayuko mlimani, yuko hapa mbele yako." Wakilia uliwasubiri. Hilo silikatai, ingawa leo ningependa sana kulikataa.

Halafu akaja yule fundi wa malori ya chakula, Mmongolia. Wewe ulibisha kwamba nchi hiyo haipo, ameitunga. Kiswahili chake kilikuwa maneno kumi, manane ya spea. Akaweka kanda tatu mezani taratibu kama mtu anayepanga mayai. Bendi ya kwao, ya magitaa makali, albamu zote tatu walizokuwa wametoa mpaka siku anaondoka. Zilikuwa zimeanza kuchoka kwa vumbi, akataka tumtolee nakala. "Nyumbani," akasema, akagusa kifua. Akatuachia, akaenda Nemba huko Biharamulo kwenye malori yaliyolala njiani. Mama alikuwepo, alikuwa ametuletea chakula. Akaniambia, "Mgeni akikuachia kitu chake, amekuachia macho yake. Uyachunge."

Kaseti tupu za kutolea nakala zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo tulibaki kusikiliza tu, bega kwa bega. Ya kwanza, ile yenye picha ya farasi, ni watu wanagombana na kila mmoja ameshika msumeno. Ya pili wanagombana tena, ila safari hii wana sababu. Ya tatu haikuwa na picha, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Gitaa linaanza peke yake, polepole, kama mtu anayetafuta ng'ombe kwenye ukungu. Ngoma zinaingia. Halafu yule jamaa anaimba kwa koo, sauti mbili kwa mpigo, nzito chini na nyembamba juu, kama fahali aliyemeza filimbi.

"Shemeji, betri imelala hapo," ukasema.

"Siyo betri. Ndivyo wanavyoimba."

"Hakuna binadamu anaimba hivyo. Kanda inavuta."

Wateja wakawa upande wako. Muuza dagaa mmoja wa Nyarubungo nilimwekea wimbo mmoja tu, wa kuonja, mwishoni mwa kanda yake ya kwaya. Akarudi amevimba. "Nimeanika betri juani siku mbili! Mke wangu anasema nimemletea jini ndani. Futa!" Nikafuta. Wewe ulicheka mpaka ukashika meza, na mimi nikacheka. Raha tulikuwa nayo, sidanganyi. Ndiyo maana nakuchukia vizuri hivi. Mtu ambaye hujawahi kucheka naye unamchukia juujuu tu.

Sasa ile safari yangu ya kuchaji betri. Mvua ikanikamata Ngara mjini siku mbili. Nyuma yangu uvumi ukavuma kambini kwamba watu watahamishwa, kila mtu akataka kutuma sauti yake kabla ya lori kuondoka, na kaseti tupu hamna. Ukachukua zile tatu. Vile vijino vya mgongoni mwa kaseti vilikuwa vimevunjwa ili asirekodi mtu juu yake. Ukaziba matundu kwa karatasi za boksi la biskuti, ufundi niliokufundisha mwenyewe, mikono yangu ikatike. Ukarekodi salamu juu ya watu wa Mongolia, na kanda mbili zikapanda lori.

Niliporudi hukusema kitu. Ulinipikia chai. Shemeji, hukuwahi kunipikia chai tangu uvuke mto, pale pale nilipaswa kushtuka!

Fundi akarudi asubuhi ya siku ya soko, watu wamejaa, Mama naye yupo. Nikamkalisha kwenye kigoda kwa mbwembwe zangu zote. Nikaona kanda ni moja tu, ile ya tatu, nikasema moyoni, nyingine Shemeji atakuwa ameziweka mahali. Nikabonyeza. Badala ya gitaa likatoka koo la bibi kizee: "Daudi mwanangu, ni mimi. Niko hai. Mguu umepona. Lile blanketi nilimpa mwenzangu, usinigombeze." Kimya kidogo. Halafu wale jamaa wakaingia katikati ya wimbo, misumeno na fahali pamoja, soko zima likaruka.

Fundi hakuruka. Alivua kofia. "Nyingine?" akauliza.

Nikakugeukia. "Shemeji, nyingine ziko wapi?"

Na wewe, ukiwa umesimama pale umeshika kitambaa cha kufutia redio, ukasema, "Hata mimi namuuliza huyu. Alienda nazo mjini."

Mtu mmoja akamweleza fundi kwa mikono kwamba yule bibi anamsalimia mwanawe. Akaitoa kanda mwenyewe, akairudisha mezani iende kwa huyo Daudi, akaondoka. Afadhali angenipiga. Nyuma ya kibanda ulinishika mkono. "Nipe wiki moja, Shemeji. Nitamwambia Mama mwenyewe. Nilidhani zimeharibika, Mungu mmoja, nilidhani zinavuta."

Hilo la kuvuta nilikuamini, na nakuamini mpaka leo. Hata mimi siku ya kwanza nilibadilisha betri, sikukuambia tu. Kosa la kanda nilikusamehe pale pale. Na nilinyamaza kwa sababu dada alikuwa na mimba yako, na kambini neno moja la mwenyeji lingetosha kukumaliza. Nikakupa wiki yako.

Mama hakungoja wiki. Kwetu, na kwenu ni hivyo hivyo, usijifanye umesahau, mtu akiharibu cha mgeni anapelekwa kwa huyo mgeni na pombe ya ndizi. Ikishanywewa, kesi imezikwa na mkosaji amejulikana. Haifukuliwi, isipokuwa mkosaji wa kweli aje na pombe yake mwenyewe. Mama akapika. Akabeba mtungi kichwani mpaka kwenye gereji ya malori, mimi nyuma yake, wewe nyuma yangu. Akapiga magoti kwenye oili. "Mwanangu amekukosea. Nisamehe mimi niliyemzaa." Fundi akanywa kwa mrija. Mrija ukazunguka. Nilipokunywa nilikutazama wewe. Ukafika kwako, nikasema moyoni, sasa. Sasa atasema.

Ukanywa. Ukavuta mara mbili! Ukafuta mdomo, ukasema, "Mama, umeipika vizuri."

Kambini jina langu likawa Mla Macho ya Mgeni. Meza yangu nikakatazwa. Na wewe zamu yenu ya kurudi ilipofika ulipanda basi na dada na mtoto, ukanipungia mkono dirishani. Ile wiki yako, Shemeji, haijaisha bado?

Mimi nipo. Kambi ilifungwa, pamebaki vichaka. Natengeneza simu, nauza vocha, nauza miwani ya kusomea kwa watu wasiojua kusoma, wanapendeza tu. Watu wanacheka. Mama pia anacheka, ananipa chakula, ananiita mwanangu. Lakini akienda hospitali, ufunguo wa nyumba yake anamwachia jirani. Mimi nikiwa nimesimama pale pale. Mwezi uliopita nikamwambia, "Mama, mimi nipo." Akasema, "Najua upo, mwanangu." Akampa jirani.

Usiniambie nimweleze mwenyewe. Nimemweleza, kila kitu, mpaka boksi la biskuti. Alinisikiliza vizuri. Akasema, "Pombe ilishanywewa," akaniongezea maharage.

Sasa haendi hospitali na kurudi. Safari hii wamesema akae huko huko, na mguu mmoja hauinuki. Kwa hiyo sikiliza. Sitaki simu, Mama hasikii simu. Sitaki umtume dada. Dada, kama unasoma, pole, nilikuficha jambo hili kwa ajili ya mtoto, na mtoto amekuwa mkubwa. Namtaka mumeo mwenyewe. Aje na mtungi wake, aubebe kichwani mwenyewe, asipande pikipiki, apite Ngara mjini mchana watu wamuone. Shemeji, ukifika hospitali utampa shikamoo yake, utapiga magoti, utasema ni wewe. Mimi nitasimama pembeni na nitacheka, ni haki yangu. Daktari amemkataza pombe, lakini yako alowanishe midomo tu inatosha. Halafu urudi kwenu, hatuna mazungumzo.

Na ukichelewa, msibani usije. Utanikuta nimekaa nje kwenye baraza na wageni wote, tunamsubiri jirani aje atufungulie.

Kaka wa mkeo,
Kirushya