Bwana Harusi Alipotea Kambini, Nami Nikadanganya

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla hujanihukumu nakusihi unisome mpaka mstari wa mwisho, maana jambo hili nimelibeba wiki saba na sasa limenifika shingoni.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na tisa, mjane, mwanangu ni mmoja tu, fundi umeme, anajitegemea. Mume wangu ana sitini na saba, alikuwa mpima ardhi mpaka alipostaafu, na tulijuana dukani kwangu alipoleta suruali nne zipunguzwe kiuno kwa sababu baada ya kufiwa na mkewe alikonda mpaka mkanda ukaisha matundu, basi suruali zikawa ndiyo sababu, leo kiuno, kesho pindo, keshokutwa zipu ambayo nikiitazama haina ubovu wowote, nikamwambia mzee mwenzangu kama una neno sema, suruali zimekwisha, akacheka, akasema, nikakubali. Binti yake, mwalimu wa sekondari mwenye mapacha wa miaka sita, hakufurahi, aliniuliza mbele ya baba yake, "Bi Fundi, mmejuana miezi minane tu, una haraka ya nini?" na kweli nilikuwa na haraka, miaka kumi na mmoja nimekula peke yangu.

Yeye ndiye aliyetaka tuoane kambini. Alisema miaka thelathini ya kazi amelala kwenye mahema na usingizi wake wote mtamu ameupatia huko, mambo ya ukumbi na vipaza sauti hayataki, twende siku tatu kando ya mto na watoto wa pande zote mbili, na msajili wa ndoa aje Jumamosi saa nne asubuhi na daftari lake. Wateja wangu walinicheka, bibi mzima anaolewa porini, wakaniuliza kama shela nitalitundika mtini, lakini nilijishonea gauni la rangi ya maziwa, na Ijumaa tulipokaa wote kula, hata yule binti yake aliniita mama bila kukunja uso.

Jumamosi saa moja mume wangu alichukua dumu, akasema anakwenda kuteka maji ya kunyolea, na mto wenyewe uko hatua mia mbili, unausikia ukiwa hemani. Saa mbili hajarudi. Saa mbili na nusu binti yake akauliza, "Baba yuko wapi?" nikamwambia anaoga, huo ukawa uongo wangu wa kwanza. Saa tatu mwanangu akaenda kimyakimya kumtafuta upande wa barabara, nami nikafuata mto, gauni nimelipandisha magotini, raba miguuni, naita kwa sauti ya chini ili kambini wasijue kwamba naita.

Nilimkuta mbali, mto ulipokwisha kupinda mara mbili, amekaa juu ya jiwe, amelowa hadi magotini, dumu halina kitu. Mimi nilifurahi kumwona, yeye alinitazama kwa adabu kama unavyomtazama mtu wa ofisini, akaniuliza, "Samahani, mama, wenzangu wamehamisha kambi? Wameondoka na vyombo vyote vya kupimia."

Mshauri, nikamwambia, "Ni mimi." Akasema, "Ndiyo," lakini macho hayakusema ndiyo. Nikakaa kwenye mchanga na gauni langu, nikamshika vidole, sijui ulipita muda gani, kisha nikaona uso wake unarudi kidogo kidogo, akalitazama gauni, akaitazama suruali yake iliyolowa. "Ni leo," akasema. "Leo ndiyo harusi." Halafu akaning'ang'ania mkono, "Usiwaambie. Binti yangu akijua ataivunja harusi, atanikalisha sebuleni mpaka nife. Niahidi." Na hapohapo tukasikia gari la msajili linaingia kambini.

Nikaahidi. Aibu yangu iko hapa, kwamba haikuwa huruma tupu, niliwaza nyuso za wateja, nikajiona Jumatatu nafungua duka na gauni likiwa ndani ya mfuko. Nikachuma maua ya njano yaliyoota ukingoni nikamtia mkononi, na tulipofika nikapaza sauti, "Bwana harusi wenu alikwenda kunitafutia maua!" Vigelegele vikapigwa, binti yake akamkumbatia huku akilia. Msajili akamuuliza jina, umri, na kama anaoa kwa hiari yake, akajibu yote sawasawa, na saa tano kasorobo nikawa mke wa mtu.

Tena dalili nilikuwa nimeiona. Mwezi mmoja kabla alikuja dukani kuchukua suruali aliyokwisha kuichukua jana yake, nikaifanya mzaha.

Sasa kila asubuhi mume wangu huwapeleka wale mapacha shule kwa gari na mchana huwarudisha. Wiki iliyopita walichelewa kufika shuleni saa nzima, mwalimu wao akapiga simu, mume wangu akasema alipata pancha, akanikabidhi simu, na mimi nikaitikia, pancha, wala tairi sikuliangalia. Jioni pacha mmoja akaniambia huku anacheka, "Bibi, babu katuzungusha leo, kasimama katikati ya barabara kubwa akatuuliza sisi njia. Kasema tusimwambie mama."

Nikisema, nimevunja ahadi, na binti yake ataniuliza nilijua tangu lini, ataona nilifunga ndoa na baba yake akiwa hajijui. Nisiposema, sentensi hii siwezi kuimaliza. Nifanyeje? Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mke Mwenye Aibu

*

Dada yangu fundi,

Barua yako nilifikishiwa Jumanne saa tano na nusu, na ilipofika saa sita kasoro dakika kumi nilikuwa nimekwisha kukupigia. Ziko barua za kungoja zamu gazetini, yako haimo. Umeniruhusu niwaeleze wasomaji yaliyofuata, basi nitaeleza, na kukusema nitakusema vilevile.

Nilikuuliza nani anawachukua watoto mchana huo. Ukasema, "Babu yao." Ufunguo wa gari uko wapi? "Kwenye msumari, nyuma ya mlango." Nikakwambia uutoe sasa hivi nikiwa bado kwenye simu, uufungie kwenye droo ya dukani. Ukaanza kulia kwamba atakasirika. Akasirike! Unaogopa kununiwa wakati watoto wawili wa mwenzio wamefungwa mikanda kiti cha nyuma, wanamwelekeza babu yao njia?

Asubuhi ile ya mtoni nakuelewa. Umevaa gauni, gari la msajili linaingia, mwanamume unayempenda amekung'ang'ania mkono. Wengi tungeahidi. Lakini ile pancha? Siku ya pancha hapakuwa na msajili wala wageni, ulikuwa nyumbani kwako, umetulia, na bado ukadanganya. Hapo sina namna ya kukutetea, na wala usinitafutie.

Haya, ulifanya nilichokutaka ufanye. Ulimwambia mumeo kwanza, ana kwa ana, kwamba ahadi unaivunja na kwa nini. Akakujibu neno lililokuchoma: "Nilidhani nimeoa mke, kumbe nimeoa mlinzi." Ukatoka hivyohivyo na machozi yako, ukawachukua mapacha kwa miguu, ukamfikishia mama yao, ukamweleza yote mlangoni kuanzia dumu mpaka pancha. Hakupiga kelele. Aliwaingiza watoto ndani, akafunga mlango, kisha akafungua dirisha na kukuuliza jambo moja tu: "Na yale maua?" Ukamjibu kwamba uliyachuma wewe. Tangu hapo hapokei simu zako.

Asipokee. Ana haki yake, na haitaisha wiki hii. Usimtume mwanao kukuombea msamaha wala usiende kupiga magoti mlangoni kwake. Mwandikie ujumbe mfupi kila jioni kuhusu baba yake: kalalaje, kala nini, kasahau nini. Usipambe, usipunguze. Asijibu, wewe andika. Amechoka kuwa mtu wa kuambiwa mwisho.

Unaniuliza kama ulifunga ndoa na mtu asiyejijua. Mtu anaweza kupotea saa tatu na saa tano akajua vizuri anachokifanya, na wewe mwenyewe unasema alijibu sawasawa. Ukiwa na shaka, kamuulize mwanasheria, na majirani waache na yao. Ila kumbuka aliyekung'ang'ania mkono hakukuomba umpeleke nyumbani. Alikuomba harusi isivunjwe. Mtendee kama mtu aliyechagua. Gari limeondoka mikononi mwake, sawa, lakini sauti yake nyumbani isiondoke nalo. Mambo yake yaamueni naye, wala msinong'one sebuleni akiwa chumbani. Kuwapeleka watoto shule kwa miguu, mkiwa wawili, bado anaweza, mama yao akikubali. Mfukoni mwake iwemo karatasi yenye namba yako na ya binti yake, na aiandike kwa mkono wake mwenyewe.

Na ugonjwa usiupe jina kabla ya daktari. Kusahau kuna sababu nyingi, nyingine zina tiba, na hata dawa anazokunywa zinaweza kuwa chanzo. Zichukue zote, hata zile za mafua, uziweke kwenye mfuko mmoja uende nazo.

Miadi yenu ya daktari ni Jumatatu saa mbili asubuhi. Usije ukabaki kwenye benchi la nje ukimngoja kama mtu aliyemsindikiza jirani. Ingia naye. Daktari akimuuliza kama amewahi kupotea, atasema hapana. Wewe sema ndiyo, umeshika mkono wake, na akiuchomoa, ushike tena, uendelee kusema.