Chumba cha Mikono Sita

Jumatatu, 19 Februari
Nimesoma tena hotuba mbele ya kioo. Sauti haitetemeki. Jumamosi darasa letu litawapitisha wazazi katika msitu wa ghaf, miti ya jangwa la huku, hadi kwenye nyumba ya kale ya mawe na udongo. Mwanafunzi mmoja ataieleza. Nataka niwe mimi. Nitasema boriti za dari zilivuka bahari kutoka kwetu Lamu. Nimeziona pichani: nyeusi, za mviringo, zimebanana. Nina hakika.

Jumanne, 20 Februari
Neema, rafiki yangu wa Tanga, kanicheka mbele ya wote. "Boriti za Lamu! Kesho utasema na jangwa lilitoka Lamu." Miss Huda, mwalimu wetu, hakucheka. Anataka ushahidi. Nikampigia Bibi, Lamu. "Boriti ni mkoko, na mkoko una kikomo chake, mwanangu. Chumba cha boriti hakipiti mikono sita. Pima." Rahisi. Kesho tunakwenda kufanya mazoezi kwenye nyumba yenyewe.

Jumatano, 21 Februari
Nimepima. Kiwiko hadi ncha ya kidole, ukuta hadi ukuta. Saba na ushei. Nikarudia. Saba na ushei. Neema hakunitania, na hilo limeniuma zaidi. Nimeifuta aya nzima ya boriti.

Ijumaa, 23 Februari
Nafasi kapewa Neema. Nimelia chooni, kidogo tu.

Jioni Baba karudi kutoka dukani Al Ras, soko la viungo, ananukia iliki, kanikuta napima meza. "Kwa kijimkono hicho?" Akalaza mkono wake kando ya wangu. Vidole vyangu vinakoma kwenye kiganja chake. Mkono wa kupimia ni wa mtu mzima! Nina miaka kumi na miwili. Mjinga mimi.

Jumamosi, 24 Februari
Asubuhi ya baridi nzuri. Ghaf zimechipua, kijani kibichi juu ya mchanga. Nilitembea mbele. Neema alieleza vizuri. Kisha nikaomba dakika moja. "Moja tu, yalla, haraka," akasema Miss Huda. Nilianza na kosa langu. Halafu Baba akapiga magoti, akapima. Wazazi wakahesabu naye kwa sauti. Sita. Sita kamili! Wote wakatazama juu.

Neema kaninong'oneza: "Haya, jangwa nalo chukueni."

Jumapili, 25 Februari
Nimempigia Bibi. Hakuuliza nani alizungumza. Aliuliza kama boriti zimeliwa na mchwa, maana mkoko mchwa hawauli. Nikasema hazijaguswa.

"Basi ni zetu," akasema, akaenda kuswali.